Tundu la Nchi ya Radhi

Nchi ya Radhi haina shida hata moja. Jambo hili lilitangazwa redioni, likarudiwa kwenye televisheni kwa wasio na redio, na wasio na vyote viwili wakafuatwa majumbani wakaambiwa kwa mdomo. Basi ukienda Radhi ukaona mtu ana shida, usihangaike naye, tatizo liko machoni mwako.

Huko kila mwananchi amepewa na serikali sanduku la barua pepe, bure, atake asitake, na programu yake inaitwa Njiwa. Mtu hajapiga mswaki, Njiwa keshamletea salamu za Baba Mlezi, mtawala wa nchi, na picha yake akitabasamu, na jina lake, na vyeo vyake vimepangwa mpaka skrini inakwisha. Zikitoka hizo zinaingia za Waziri, na picha yake. Kisha Naibu Waziri, naye hataki kupitwa, na picha yake, kofia imeinamishwa kidogo. Watu wa Radhi, kwa mapenzi waliyonayo kwa viongozi wao, walijifunza kuzifuta bila kuzifungua. Kidole kilikuwa kimeshazoea. Kikiona uso na jina kamili, kinafuta, mwenyewe yuko mbali anakoroga uji.

Barua zilizosomwa Radhi zilikuwa za namna moja tu, zile zisizo na picha, zilizoandikwa juu yake, "Kutoka kwa: Mtu." Hizo zilipitia Tunduni, na mtu akipata moja aliacha uji ukaungua.

Sasa ya Tundu lazima niyaeleze, maana mgeni hatayaelewa. Zamani za mababu, ukuta wa nyumba ya mtawala wa Radhi ulikuwa na tundu la kutosha mdomo. Siku ya gulio mtawala alikaa ndani, mgongo ukutani, na mwenye neno lake alisogea nje akaweka mdomo pale, akasema, akaenda zake kununua chumvi. Mtawala hakuruhusiwa kugeuka wala kuuliza, "Nani huyo?" Kazi yake kusikia tu. Akatokea mmoja, Mwinyi Chande, akachoka kusikia, akaliziba kwa chokaa. Chokaa haijakauka, mzee akawa kiziwi wa kutupwa, na mpaka anakufa aliitwa kula kwa kupungiwa mkono. Tangu siku hiyo katiba ya Radhi imebadilishwa kila kifungu, vingine vimebadilishwa asubuhi vikabadilishwa tena jioni, lakini Tundu halikuguswa. Hata Njiwa ilipotengenezwa, wakubwa walijishika masikio, wakasema na hii iwe na tundu lake.

Mtunzaji wa tundu hilo la Njiwa alikuwa mwanamke mmoja, Sikudhani Mfaume, fundi wa mitambo pale wizarani, mtu wa maneno machache na subira nyingi. Mitambo yenyewe ilikuwa mitatu, imewekwa miji mitatu. Barua ikifika kwa wa kwanza, anaivua jina la aliyeituma na kuisukuma mbele. Wa kwanza anajua ilikotoka, hajui inakokwenda. Wa mwisho anajua inakokwenda, hajui ilikotoka. Wa katikati hajui lolote, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa raia mwema kuliko wote. Mama yake Sikudhani alipomuuliza analipwa kwa kazi gani, alijibu, "Kusahau, mama."

Juu ya kitufe cha Tundu, Sikudhani aliandika maneno mawili kwa mkono wake: "Sema. Hatukujui." Mkurugenzi wake, Bwana Machano Tindo, alitaka yaandikwe, "Wizara ina heshima kubwa ya kumfahamisha mwananchi mtukufu," na kuendelea ukurasa mzima. Sikudhani alimkatalia, na mpaka hapo hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kumkatalia mkubwa. Aliyaona maneno yale mawili kuwa ni ahadi, tena yake yeye. Wizara ilikuwa imemwazima ukuta tu.

Basi mambo yalikuwa shwari mpaka ilipozinduliwa chemchemi.

Baba Mlezi alikwenda wilaya ya Kitopeni kuzindua chemchemi ya kupamba geti la hospitali. Maji yalirushwa juu yakapita paa, yakapigwa taa za rangi, watu wakapiga vigelegele kwa sababu walikuwa wamepewa zamu za kupiga. Jumatatu iliyofuata, ndani ya sanduku la Baba Mlezi mwenyewe, kukawa na barua. "Kutoka kwa: Mtu. Baba, chemchemi yako inakunywa maji ya wodi ya wazazi. Bomba ni moja. Ikirushwa huko getini, huku ndani hatuna hata la kunawa mikono. Wiki hii nimezika mama na kitoto chake kwa uchafu wa mikono yangu mwenyewe. Nakuomba uifunge."

Baba Mlezi alihuzunika mno. Hakuhuzunishwa na chemchemi, maana chemchemi ilikuwa nzima. Alihuzunika kwamba mwananchi amemwandikia vizuri hivyo na yeye hana namna ya kumshukuru. Aliuliza jina, hakuna aliyekuwa nalo. Aliuliza anuani, hakuna. Akauliza, "Hivi nchi hii mimi nawalea watu wasiojulikana?" Kufumba na kufumbua ikaundwa Tume Tukufu ya Kutafakari Kama Tundu Liendelee Kutunzwa.

Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Profesa Balozi Ndauka Shibe, bwana mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano. Kila aliposema neno "kuziba" alishika sikio la kulia, kisha la kushoto, ahakikishe. Siku ya kwanza alimwita Sikudhani mbele.

"Bi Sikudhani, hili Tundu lina watumiaji?"

"Wapo, Mheshimiwa. Wengi."

"Nitajie mmoja."

"Simjui, Mheshimiwa."

"Nusu basi."

"Hata nusu. Ningewajua, lisingekuwa Tundu."

Mwenyekiti aliwageukia wajumbe akafungua mikono. "Mnaona, ndugu zangu? Mchungaji anadai mishahara ya zizi zima na hawezi kuonyesha hata mkia. Mimi sisemi tuzibe." Akashika masikio. "Mimi ni mwanademokrasia. Nasema watumiaji wajitokeze. Waje hapa, na vitambulisho vyao, na wadhamini wawili kila mmoja, wathibitishe kwamba wanatumia kwa siri. Wakitokea, litatunzwa. Wasipotokea, basi hawapo, na asiyekuwepo hawezi kudai kitu."

Wajumbe walipiga makofi. Uamuzi ukapigiwa kura ya siri, ambayo Radhi hupigwa kwa kusimama kwenye kiti na kutaja jina lako kwa sauti.

Hema likasimamishwa viwanja vya wizara. Tarumbeta zikaletwa, soda zikaletwa, na mezani wakakaa maofisa wenye miwani myeusi, kwa ajili ya jua, ingawa walikuwa kivulini. Hakuja mtu. Yaani hata wapita njia waliokuwa na safari zao walizunguka upande wa pili, na mwizi mmoja aliyekuwa akifukuzwa alipoliona hema alirudi kwa waliokuwa wakimfukuza.

Sikudhani hakulala vizuri. Alijua wapo. Kila siku aliisikia mitambo ikinguruma, na kila mngurumo ni mtu mahali fulani ameamini maneno yake mawili. Akamfuata Bwana Machano ofisini.

"Mkurugenzi, niruhusu niwaulize humo humo Tunduni. Waseme wapo, bila jina."

Bwana Machano alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na aliutembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. "Mwanangu, wewe ukimya unakukosea nini? Ulimi ndio ulioponza kichwa."

"Wakizima, hawa watu watasemea wapi?"

"Watasemea mioyoni. Mbona sisi tunaweza?" Lakini akamtilia sahihi, maana alikuwa mwoga wa kukataa kama alivyokuwa mwoga wa kukubali, na siku hiyo kukubali ndiko kulikokuwa karibu.

Chini ya yale maneno mawili Sikudhani akaongeza: "Wanataka kujua kama mpo. Andika neno moja tu: Nipo." Weee! Mitambo ilishikwa na homa. Nipo, nipo, nipo, kutoka kila pembe ya nchi, mpaka feni za mitambo zikalia. Wengine waliandika, "Nipo ila usiwaambie." Sikudhani alisoma akicheka na kulia kwa pamoja, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kusikia nchi yake ikizungumza bila kuandikiwa.

Alizichapa zote, akazibeba mpaka mbele ya Tume kwenye toroli. Mwenyekiti aliokota moja, akaishika mbali na uso wake.

"'Nipo.' Vizuri sana. Nani yupo?"

"Aliyeandika, Mheshimiwa."

"Jina lake?"

"Mheshimiwa, tulikwisha..."

"Bi Sikudhani, tusipotoshane. Ili mtu awepo, lazima awe mtu fulani. Huyu si mtu fulani. Kwa hiyo huyu hayupo, na amekiri mwenyewe kwa maandishi." Akaamuru toroli litolewe nje, na karatasi zikatumika kufungia maandazi ya wajumbe.

Tume ilikuwa inakaribia kufunga kazi mlango ulipogongwa. Aliingia mama wa makamo, sare yake nyeupe ya ukunga imepigwa pasi, viatu vina vumbi la safari. Sikudhani alikuwa karibu na mlango, na yule mama alimnong'oneza yeye, "Mwanangu, hapa ndipo wanapouliza kama tupo?"

Sikudhani alimzuia mlangoni. "Shikamoo, mama. Ndipo. Lakini rudi, tafadhali. Rudi sasa hivi."

"Marahaba. Nirudi vipi na nimeshafika?"

"Hukutakiwa kuja. Yale maneno ya kitufeni niliyaandika mimi. Ndiyo maana ya Tundu, usije."

"Nimeyasoma maneno yako kila mara kabla sijaandika," alisema yule mama. "Nikasema, huko ndani kuna mtu mwenye adabu. Sasa nasikia wanataka kulifunga kwa sababu sisi tunajificha. Nitakaaje kitako?" Akamshika mkono kidogo, akampita.

Aliitwa Bi Kidawa Chongwe, mkunga wa Kitopeni. Alisimama mbele ya Tume akataja jina lake, kijiji chake, na wadhamini wake wawili, mmoja Mungu. Akasema, "Barua ya chemchemi niliiandika mimi. Sikuiandika kwa chuki. Pale kwetu mama akija kuzaa anakuja na ndoo ya maji kichwani, uchungu umemshika, na getini anapita maji yanacheza. Naomba mfunge ile chemchemi, na Tundu mliache. Basi, sina la zaidi."

Mwenyekiti alitoa leso, akafuta jicho, kisha la pili. Na hapo, kwa mara ya kwanza, Sikudhani akapata matumaini. Tumsamehe, hakuwa mtu wa mikutano.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya kutetemeka, "mnamwona mama huyu? Mnaona anavyopendeza? Sare ile! Lugha ile! Sasa nauliza, ni unyama gani kumficha mtu kama huyu? Miaka yote hii Tundu limekuwa likiwanyang'anya wananchi wetu majina yao, likiwaita 'Mtu', 'Mtu', kana kwamba hawakuzaliwa na mama zao! Wahenga hawakuwa wajinga, lakini walikuwa na ukuta wa udongo na nyundo ndogo. Nasema, Tundu lisizibwe." Masikio. "Lisizibwe kamwe! Tundu lipanuliwe!"

Makofi yalitikisa vioo. Iliamuliwa palepale kwamba kila barua ya Tunduni ivishwe jina kamili la aliyeituma, picha yake iliyoko kwenye kitambulisho, na mahali alipokaa alipokuwa akiandika, ili heshima isipotee njiani. Ule ukuta wa zamani nao ubomolewe kiasi cha mlango, uwekwe kioo na taa kali, msemaji asije akajikwaa. Kwa kuwa Tundu lilikuwa limekuwa kubwa zaidi, na halikuzibwa hata kidogo, Mwenyekiti alipimwa masikio na daktari wa Tume, na yakaonekana yanasikia vizuri sana. Na Bi Kidawa, kwa ujasiri wake, akapelekwa kuwa mgeni wa serikali katika Nyumba ya Heshima, ambako mtu hukaa mpaka heshima yake iishe. Radhi ni nchi ya heshima nyingi, na bado hajatoka mgeni aliyemaliza yake.

Kazi ya kupanua alipewa nani? Sikudhani.

Alikataa. Alisema hapana mbele ya Bwana Machano, akasema tena kwa Mwenyekiti, na mara ya pili sauti haikutetemeka. Mwenyekiti hakukasirika hata chembe. Alimkaribisha chai.

"Bi Sikudhani, nakuelewa. Wewe una uchungu na yule mama. Nami nina uchungu naye. Ukiifanya kazi hii, heshima yake nitaifupisha mimi mwenyewe. Ataishika njia ya Kitopeni. Usipoifanya, tutamwongezea heshima, na mtambo atashika mwingine, kijana wangu mmoja anajua kompyuta, amewahi kuuza."

Jamani, mngefanya nini? Sikudhani aliifikiria ile mikono iliyomshika mlangoni. Kazi ingefanyika tu, awepo asiwepo. Angalau mmoja atoke. Akaikalia mitambo yake mitatu, akaifundisha kukumbuka, na machozi yalimdondokea kwenye vitufe. Mtambo wa katikati, yule raia mwema, ndio uliokuwa mgumu kufundishika.

Alipomaliza alikwenda kuuliza habari za Bi Kidawa. Mwenyekiti alisikitika. "Nimejaribu kuifupisha, wallahi. Lakini heshima ukiikata katikati inakuwa dharau, na mimi mama yule siwezi kumdharau."

Sikudhani akaomba basi angalau yale maneno mawili yaondolewe kwenye kitufe, maana sasa ni uwongo. Ombi lilijadiliwa na likakataliwa. "Sema. Hatukujui" yalikuwa yamependwa sana na wananchi, na Tume ilikuwepo kulinda vipendwavyo. Na wananchi hawakujua kitu, maana uamuzi haukutangazwa. Kitufe kilikuwa kilekile na rangi yake ileile. Aliyeandika aliiona barua yake ikiondoka bila jina, ikavishwa jina njiani. Mitambo ilinguruma kama zamani. Katika wiki moja tu Sikudhani alimwona mwalimu, mchuuzi wa vitumbua na karani wa mahakama, nyuso zao za kitambulisho zikipita mbele yake kuelekea mezani kwa maofisa wenye miwani.

Kumwambia nani? Redio ni ya Baba Mlezi. Magazeti ni ya shemeji yake. Ilibaki njia moja, na Sikudhani alipoiona alishangaa jinsi ilivyokuwa karibu. Atawaandikia watu wote wa Radhi, na ataipitisha barua hiyohiyo Tunduni. Itawafikia ikiwa na jina lake, na picha yake, na chumba chake, na wenyewe wataona kwa macho yao kwamba Tundu limetoboka. Kujificha hakuwezekani tena, basi ajianike yeye, wengine wapone.

Aliandika akiwa ametulia. "Ndugu zangu, msilitumie Tundu. Mimi ndiye niliyeandika 'Hatukujui'. Sasa wanawajua. Tazameni juu ya barua hii, jina langu na uso wangu vimetoka bila mimi kuvitaka. Na vyenu vitatoka hivyohivyo. Nisameheni." Akabonyeza. Kisha akatengeneza mtandio wake, akakaa kusubiri, na moyoni alikuwa na furaha aliyoisahau siku nyingi.

Barua iliruka nchi nzima kwa mara moja. Ilitua Kitopeni, ilitua bandarini, ilitua milimani. Ilitua kila sanduku, na juu yake uso wa mwanamke asiyetabasamu sana, na jina kamili, na cheo, na wizara.

Na watu wa Radhi, ambao vidole vyao vilishazoea, wakaifuta. Wakaifuta wakikoroga uji, wakaifuta wakinyonyesha, wakaifuta huku wanazungumza na jirani. "Nani tena huyo?" aliuliza mtu mmoja. Mkewe akamjibu, "Sijui, Naibu wa nani sijui. Salamu tu." Nchi nzima haikufunguliwa hata barua moja, isipokuwa ile iliyowafikia maofisa wenye miwani, ambao wao, kwa sababu ya kazi, husoma kila kitu.

Walimfuata kwa adabu, wakamwambia serikali imeguswa na ujasiri wake.

Nyumba ya Heshima ina ukumbi mmoja mrefu na benchi moja refu, na ukutani kuna bomba. Bomba lile lilikuwa bovu, haliwezi kufungika, na maji yalimwagika mchana na usiku yakaingia mtaroni. Bi Kidawa alikuwa amekaa mbele yake na sare yake ileile, anayatazama. Alipogeuka akamwona Sikudhani, hakushangaa.

"Shikamoo, mama," alisema Sikudhani. "Nilikuahidi hatukujui."

"Marahaba, mwanangu. Uliahidi kilicho chako, ukuta ulikuwa wao." Bi Kidawa alimvuta akamketisha. Maji yaliendelea kumwagika. Akayaonyesha kwa kidole, akasema, "Tangu nimekuja hapa hayajakatika hata mara moja. Na kule wanakuja na ndoo."

Mlango ulifunguliwa tena. Aliingizwa baba mmoja mwembamba, chaki bado ipo mikononi, akaangaza huku na huku, kisha akawaambia kwa haraka ya mtu anayeamini kosa litarekebishwa, "Mimi wamenichanganya na mwingine. Mimi sijulikani. Pameandikwa kabisa pale, hatukujui."

Sikudhani aliutambua uso wake, ndiye yule mwalimu. Bi Kidawa akamsogelea Sikudhani bega kwa bega, akapangusa nafasi kwenye benchi kwa kiganja.

"Karibu, baba. Keti. Wewe ulisema nini?"